Laibrari ya programu: umeihamisha, umeitafsiri au umeiandika upya?

Msomaji anauliza: "Kuna laibrari huria ya Java nimekaa nayo nikaiandika yote kwa Go, nataka kuweka maelezo ya Kiswahili. Niseme nimeihamisha, nimeitafsiri au nimeipoti? Na ni maktaba hii au maktaba haya?"

Ndugu yangu, kwa wasiojua, laibrari (wengine husema maktaba) ni msimbo, yaani maandishi ya programu, ulioandikwa tayari ili programu nyingine ziutumie, na Java na Go ni lugha za kuandikia programu. Naanza na hiyo "nimeihamisha" maana ndo wengi wanaitumia na mi naona inapotosha. Kuhama ni kutoka mahali ukapaacha, ukihama Kariakoo ukahamia Mbagala basi Kariakoo haupo tena, tukija kugonga hodi anafungua mtu mwingine. Sasa laibrari ya Java si bado ipo palepale na wenyewe wanaendelea nayo? Hakuna kilichohama hapo.

Kuhamisha kunafaa pale mradi wenyewe unapoiacha lugha ya zamani. Mfano librsvg, ile laibrari ya mradi wa GNOME ya kuchora picha za SVG, ilikuwa ya lugha ya C halafu kuanzia 2016 wakawa wanatoa C wanaweka lugha ya Rust, kipande kwa kipande mpaka ikageuka yote. Hiyo imehamishwa kutoka C kwenda Rust, au kwa kifupi imehamishiwa Rust, ile -ia inatosha kuonyesha inakoenda.

Yako wewe sema umeitafsiri. Mtu akisikia tafsiri anajua papohapo kuna mwenye kazi ya kwanza, na hili sio suala la adabu tu, leseni za programu huria kama MIT na Apache zinadai notisi ya hakimiliki ya wa mwanzo ibaki, kwahiyo ukiandika "nimetengeneza laibrari" ukaishia hapo umemfuta mtu jasho lake. Ila tafsiri ina sharti, mpangilio wa asili lazima uonekane. Microsoft walipotangaza Machi 2025 kwamba kompaila (programu inayokagua na kugeuza msimbo) ya lugha yao ya TypeScript inaenda Go walisisitiza wanafuata msimbo uleule ili tabia yake isibadilike. Kwa namna kazi ilivyofanyika ile ni tafsiri, kwa upande wa mradi ni kuhama, maneno yote mawili yanakubali.

Kama uliangalia tu inafanya nini ukapanga mambo yako mwenyewe, hapo umeiandika upya. Na kuna wanaoita tafsiri kitu ambacho sio kabisa: SQLite, laibrari ya kuhifadhi data, ni ya C, ipo laibrari ya Go inayoiita hiyohiyo C kwa ndani, na ipo nyingine ambayo C yenyewe imegeuzwa kuwa Go kwa mashine. Ya pili ni tafsiri, ya kwanza inaitumia tu SQLite kutoka kwenye Go.

Kupoti, yaani lile "port" la Kiingereza, mkiongea wenyewe kwa wenyewe sawa, kwenye maelezo ya kusomwa na kila mtu hapana.

Maktaba ni hii, wingi hizi, ngeli ya I-ZI, hiyo ma imekuja na neno kutoka Kiarabu sio alama ya wingi. Laibrari nayo vilevile. Na andika "kwa Go" kama tunavyosema barua imeandikwa kwa Kiarabu, achana na "katika Go". Kwahiyo weka: "Maktaba hii ni tafsiri kwa Go ya maktaba ya Java iitwayo…", umalizie jina lake na walioiandika.