Barua kwa mwanangu: usiiruke ile mada

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika. Niliisoma peke yangu kwanza, kisha nikamsomea mama yako. Tumshukuru Mungu u mzima. Sisi huku Muheza hatujambo, na machungwa ndiyo yanaanza kuiva.

Umeniuliza jambo zito. Mzazi mmoja alikuja shuleni akakutaka uache kufundisha chimbuko la binadamu, kwa kuwa mwanawe alirudi nyumbani amechanganyikiwa: kipindi cha historia kaambiwa tumetokana na nyani, kipindi cha dini kaambiwa tumetokana na Adamu na Hawa. Mkuu wako akasema utumie busara. Sasa wataka kujua busara hapo ni ipi, ufundishe au uruke.

Fundisha, mama. Fundisha yote. Nakwambia hivi kwa sababu mimi niliiruka.

Miaka ya themanini, kila nilipofika kwenye mada hiyo, niliandika ubaoni jina la zamadamu, na mahali na mwaka fuvu lake lilipopatikana: Zinjanthropus, Olduvai, 1959. Kisha niliwageukia wanafunzi nikawaambia, "Haya ni ya mtihani. Yaandikeni mpate kufaulu, lakini msiyaweke moyoni." Niliona naikinga imani yao. Siku moja kijana mmoja wa dawati la nyuma akasimama, akauliza kwa adabu kabisa: "Mwalimu, na yale mengine uliyotufundisha, nayo ni ya mtihani?" Nilimwambia akae. Swali lake sijalijibu hadi leo.

Kwa hiyo ukitaka kujua dini inavyoingia katika mitaala yetu, usiishie kwenye muhtasari wa somo. Muhtasari uliitaja mada ile bila kificho. Dini iliingilia kinywani mwangu mimi mwalimu. Kule Tennessee, Marekani, mwaka 1925 walimshtaki mwalimu John Scopes kwa kufundisha mageuko ya binadamu, wakamtoza faini ya dola 100, na sheria ile haikufutwa hadi 1967. Ilikuwa sheria mbaya, lakini iliandikwa, watu wakaisoma na kuipinga. Katazo langu halikuandikwa popote, na mkaguzi akija alikuta daftari za wanafunzi zimejaa vizuri.

Hata hivyo, yule mzazi usimwone mjinga. Hofu yake ina mizizi mirefu hapa kwetu. Babu yako alikuwa na shule ya misheni karibu na nyumbani, lakini akanipeleka ya serikali, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Alisema, "Simpeleki mtoto kwa jina moja nikarudishiwa kwa jina jingine." Alikuwa amewaona wa rika lake waliobatizwa ndipo wakasonga mbele na masomo. Wajerumani wenyewe walilijua hilo. Walipofungua shule ya serikali Tanga mwaka 1892 walihitaji makarani, na watoto wengi wa pwani walikuwa Waislamu, kwa hiyo shule ile haikufundisha Ukristo. Wamisionari wakalalamika sana. Tangu hapo, kwa kila mzazi wa huku, swali la nini kinafundishwa limekuwa pia swali la nani anamchukua mtoto wangu.

Sheria ya Elimu ya 1969 ndiyo iliyoziweka shule za makanisa mikononi mwa serikali, zikapokea watoto wa dini zote. Vipindi vya dini vilibaki kwenye ratiba. Nilipokuwa nafundisha, kengele ikilia Waislamu walikwenda chini ya mwembe kwa shehe, Wakristo wakabaki darasani na katekista, na baada ya hapo wote walirudi kwenye madawati yale yale. Mimi naupenda utaratibu ule. Kila mmoja alijua shehe anafundisha nini na mwalimu wa historia anafundisha nini. Kosa langu lilikuwa kufanya kazi ya shehe ndani ya kipindi changu, tena bila kuwaambia watoto.

Halafu hakikisha unachofundisha ndicho wataalamu wanachosema. Hawasemi tumetokana na nyani hawa wanaoiba mahindi yetu. Wanasema sisi na sokwe tuna asili moja ya kale sana. Hata huyo Zinjanthropus aliyegunduliwa na Mary Leakey wanamhesabu kuwa tawi la pembeni lililokatika, si babu yetu wa moja kwa moja. Waonyeshe picha za nyayo za zamadamu za Laetoli, kusini mwa Olduvai, zilizokanyagwa kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.6 hivi iliyopita. Nakala yake niliiona kwenye makumbusho ya Olduvai nilipokwisha kustaafu. Nilisimama pale muda mrefu. Adhuhuri ilipoingia nikatoka nje nikaswali, na sikuona kilichopungua katika imani yangu.

Mtoto akikuuliza wewe waamini nini, mjibu kwa ukweli, na umwambie kuwa kwenye mtihani hataulizwa imani yako wala yake. Mzazi yule akirudi, mpe kiti, umfungulie kitabu asome mwenyewe ukurasa ule.

Ukishamaliza kipindi hicho niandikie. Nataka kujua wanafunzi waliuliza nini.

Akupendaye,
Baba yako