Baiskeli, hema na baridi: maswali yenu kuhusu mavazi

Navaa fulana ya pamba, sweta na jaketi nene, lakini nikisimama kupumzika natetemeka. Tatizo ni nini?

Tatizo ni jasho, na pamba inalihifadhi. Ukipanda mlima fulana inalowa, haikauki upesi, na ukisimama unyevu ule unakunyonya joto, kwani maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa. Kwenye ngozi vaa fulana nyepesi ya sufu laini au poliesta, juu yake sweta jepesi, kisha koti jembamba la kuzuia upepo lenye zipu ndefu: fungua ukipanda, funga ukishuka. Jaketi nene lifunge juu ya mzigo, ulivae mara tu unaposimama, kabla baridi haijakuingia. Na asubuhi ondoka ukihisi ubaridi kidogo. Anayeanza safari akiwa amejifunika vizuri atakuwa amelowa kabla ya kumaliza kilima cha kwanza.

Mbona kushuka kunanitesa kuliko kupanda?

Miguu imeacha kazi, jasho bado lipo, na upepo unautengeneza mwenyewe. Hewa ikiwa nyuzi 0 nawe unateremka kilomita 40 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoa kama ya mtu aliyesimama kwenye takriban nyuzi 7 chini ya sifuri. Jiandae kileleni, si baada ya kona ya pili: badili fulana iliyolowa, funga koti hadi shingoni, vaa glavu nene. Vidole vikifa ganzi, breki nazo huzishiki vizuri.

Nimeongeza soksi ya pili, bado vidole vya miguu vinaganda.

Itoe. Kiatu kinabana na damu haifiki. Soksi moja ya sufu ndani ya kiatu chenye nafasi, na kifuniko cha kuzuia upepo juu yake. Kila baada ya muda shuka, tembea ukiisukuma baiskeli.

Nivae kofia ya sufu chini ya helmeti?

Nyembamba tu, ifike masikioni. Nene itaifanya helmeti isikae sawasawa.

Jaketi la manyoya ya bata au la nyuzi za kiwandani?

Kwa baridi kavu, manyoya: ni mepesi na yanabanika kwenye mkoba. Lakini yakilowa hushikamana na joto hupotea. Mimi naogopa mvua ya nyuzijoto 3 kuliko theluji ya nyuzijoto 10 chini ya sifuri, na kwa mvua hiyo nachagua jaketi la nyuzi za kiwandani, hata likiongeza uzito.

Usiku nilale na nguo zote nilizo nazo?

Hapana. Weka seti moja ya fulana, suruali ya ndani na soksi isiyoendeshewa baiskeli kamwe; ifunge kwenye mfuko usiopenya maji. Nguo nyingi zikikaza mfuko wa kulalia, hewa inayotunza joto hukosa nafasi. Kagua pia godoro la chini, maana ardhi hunyonya joto usiku kucha na jaketi halikusaidii upande huo. Usiingize uso ndani ya mfuko wa kulalia, pumzi huulowesha. Glavu na soksi zenye unyevu kidogo unaweza kuzilaza tumboni, juu ya fulana. Zilizolowa chapachapa ziache nje ya mfuko.