Kujifunza Kijapani bila kusubiri Kiingereza kikae sawa

Wa alaykumu salaam ndugu yangu wa Wete. Suali lako wengi wanalo: umemaliza skuli, unataka kujifunza Kijapani, mwalimu huna, masomo karibu yote ya mtandaoni yanaelezwa kwa Kiingereza na Kiingereza chako ni cha kuungaunga. Unauliza je, utengeneze kwanza Kiingereza ndipo ukiendee Kijapani? Jibu langu ni hapana. Mimi ni dereva wa wageni hapa Unguja. Kijapani nimejifunza kwa simu na daftari, na leo nawapokea Wajapani uwanja wa ndege na kuwatembeza Mji Mkongwe kwa lugha yao. Kilichonivusha ni Kiswahili, na Kiingereza nilikitumia kusomea maelekezo tu.

Chukua sauti kwanza. Irabu za Kijapani ni 5 na kwa mpangilio wao zinakwenda a, i, u, e, o. Zote unazo mdomoni tayari, ila kwenye u wao hawachongoi midomo kama sisi. Silabi nyingi zinaishia na irabu: sa-ka-na, samaki, ta-be-ru, kula. Hata ile n yao inayosimama peke yake kama silabi, kwa mfano kwenye hon, kitabu, ni mwenzake m ya "mtu". Maelezo marefu ya matamshi utakayoyakuta yameandikwa kwa ajili ya watu wa lugha nyengine. Yapitie haraka.

Pa kutazama ni urefu. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho na tunaivuta kidogo bila ya kujijua. Kijapani ukivuta umebadilisha neno. Obasan ni shangazi, na ndivyo anavyoitwa mwanamke wa makamo; obaasan ni bibi kizee. Kite ni njoo, kitte ni stempu. Dawa yake ni kugonga kidole mezani kwa kila pigo la sauti: o-ba-sa-n mara 4, o-ba-a-sa-n mara 5, ki-te mara 2, ki-t-te mara 3. Fanya hivyo kwa kila neno jipya, hata kama waliopo barazani wanakutazama.

Sasa sarufi. Kore ni hiki kilicho kwangu, sore ni hicho kilicho kwako, are ni kile kilicho mbali na sote wawili. Kiingereza kina mbili tu, ndiyo maana vitabu vinachora picha na mishale kueleza hiyo ya tatu. Wewe huhitaji picha, andika daftarini "hiki, hicho, kile" uendelee mbele. Kwa hivyo shauri langu kubwa ni hili: katika daftari lako weka Kijapani upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Usipitishe kila kitu kwa Kiingereza, utajitwisha shida ambazo si zako.

Kuhesabu pia. Vitu virefu vyembamba, chupa ikiwemo, vina hesabu yake: ippon, nihon, sanbon. Vitu bapa vina yake: ichimai, nimai, sanmai. Watu ni hitori, futari, sannin. Nikiwawekea wageni maji garini nasema mizu nihon, chupa mbili. Tikiti mbili za boti ni chiketto nimai. Aliyekua na "vitabu viwili, miti miwili, watu wawili" hashtuki namba ikibadilika kwa ajili ya kitu kinachohesabiwa. Tofauti ni kuwa kwao ngeli haisambai kwenye sentensi nzima kama kwetu, inaishia hapo kwenye hesabu.

Na mwalimu mmoja unaye bila ya kujua: gari zilizotumika kutoka Japani. Nyingi ukiziwasha zinasema, kwa sauti ya bibie mpole: "ETC kaado ga soonyuu sarete imasen." Tumeizoea hata hatuisikii. ETC ni mfumo wao wa kulipia barabara kwa kadi, na kifaa kinalalamika kuwa kadi haimo. Hebu tuifungue. Kaado ni kadi. Ga inakuonesha kuwa kadi ndiyo kiima cha sentensi. Soonyuu ni kuingiza. Sare ni kutendwa, sawa na ile -w- yetu. Te i inaonesha hali iliyopo. Masen inakanusha kwa adabu. Jumla: kadi haijaingizwa. Tazama "haijaingizwa" ilivyobeba kukanusha, wakati na kutendwa ndani ya neno moja. Wao wanajenga kitenzi kwa vipande kama sisi, ila vyao vyote vinapangwa mkiani, na kitenzi chenyewe kinakaa mwisho wa sentensi. Ukiijua sentensi hii moja vizuri umeshaona sehemu kubwa ya sarufi itakayokusumbua mwanzoni. Kinachobaki kizito ni vile vijineno vya wa, ga, o, ni, de. Hivyo havina mkato, vinazoeleka kwa kusikia sentensi nyingi.

Kusoma: usikae na herufi za Kilatini. Wao wana seti mbili za herufi za silabi: hiragana zina herufi 46 za msingi, katakana 46, na zote zinakamatika mapema ukiziandika kwa mkono kila siku. Katakana utazifanyia mazoezi barabarani, maana baadhi ya basi ndogo bado zina kibandiko mlangoni, 自動ドア, jidoo doa, mlango unaojifungua wenyewe. Zile mbili za mwisho ni katakana. Angalia sana シ na ツ: shi mkia wake unaandikwa kutoka chini kwenda juu, tsu kutoka juu kushuka. Kanji, yaani zile alama zenye asili ya Kichina kama 自動, za matumizi ya kawaida ni 2,136 na zisikutishe; mtoto wa darasa la kwanza Japani anafundishwa 80. Zisome ndani ya maneno, usizikariri moja moja.

Kwa masomo, shirika la Japan Foundation limeweka mtandaoni kozi ya Irodori, bure, pamoja na sauti zake. Inaanzia chini kabisa. Pakua sehemu moja moja ukiwa na mtandao mzuri. Mtihani wa JLPT, wa kupima Kijapani cha wageni, una ngazi kutoka N5 ya chini hadi N1, na haupimi kuzungumza, kwa hivyo usisome kwa ajili ya mtihani peke yake kama lengo lako ni kazi ya wageni.

Kuzungumza kunataka mtu. Tafuta Mjapani anayejifunza Kiswahili. Wapo, Chuo Kikuu cha Osaka kinakifundisha. Yeye akuandikie Kiswahili, wewe umuandikie Kijapani, kila mmoja amsahihishe mwenziwe. Kupanga muda ni rahisi: wao wako mbele yetu kwa saa 6, na sisi saa zetu tunazianza alfajiri. Kwetu ikiwa saa 2 asubuhi, saa ya ukutani kwake inasoma 2 mchana, niji. Kwa hivyo ukimwambia niji kwa saa za Japani, wewe kaa tayari na simu saa 2 asubuhi.