Unataka kuanza mazoezi ya pumzi? Punguza spidi kwanza

Mtu akiniuliza aanzeje kadio, yaani mazoezi ya kupandisha mapigo ya moyo na pumzi kama kutembea haraka au kukimbia, namjibu "polepole, basi", na wengi wanaona kama kuna siri nimewanyima. Watu wanataka programu ya wiki 4, wanataka kuambiwa wakimbie kilomita ngapi, sasa ukimwambia mtu mzima atembee dakika 10 halafu arudi nyumbani anaona unamdharau. Ila nimeshawaona wengi, anaanza kwa fujo Jumatatu, Alhamisi hata ngazi anapanda kwa kushika ukuta, wiki inayofuata humwoni tena.

Mimi nilianza kwa kutembea. Sio matembezi ya kupunga upepo, ni ule mwendo wa mtu aliyechelewa, jasho jepesi linatoka, pumzi imepanda ila kuongea bado unaongea. Na hapo kwenye kuongea ndipo pa kujipimia: ukiwa kwenye mazoezi ya kiasi unatamka sentensi nzima bila shida lakini kuimba huwezi. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukitoa maneno mawili matatu unaanza kutafuta hewa, hayo ni mazoezi makali na kwa anayeanza bado mapema. Mimi huwa nataja namba yangu ya simu kwa sauti, tarakimu zote kwa pumzi moja, nikikatikia njiani napunguza mwendo, wanaonishangaa na waendelee kunishangaa.

Wapenzi wa namba wana ile ya 220 ukitoa umri wako, yaani mwenye miaka 40 kiwango chake cha juu kinakadiriwa mapigo ya moyo 180 kwa dakika, na mazoezi ya kiasi yanakuwa kama asilimia 50 hadi 70 ya hapo, sawa na 90 mpaka 126. Itumie ila usiiabudu, ni wastani tu, watu wa umri mmoja wanapishana sana. Halafu kama unatumia zile dawa za moyo au presha zinazoitwa beta-bloka, mapigo yako yanazuiwa yasipande, kwa hiyo hesabu hiyo itakudanganya, wewe baki na kipimo cha kuongea. Huna saa ya kupima? Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, usitumie gumba lenyewe maana lina mapigo yake litakuchanganya, hesabu sekunde 15 zidisha kwa 4.

Kabla ya yote hayo, kama una presha, kisukari, tatizo la moyo, au umewahi kubanwa kifua au kuzimia, muone daktari kwanza. Sio woga huo. Wanaotumia insulini sukari inaweza kushuka wakati wa mazoezi na hata masaa kadhaa baadaye, kwa hiyo pima kabla na usitoke bila kitu chenye sukari mfukoni. Na kwa kila mtu: kifua kikibana, maumivu yakienda mkononi au kwenye taya, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, pumzi isiyotulia hata ukisimama, acha hapohapo na utafute msaada wa hospitali, usijiambie umalizie mzunguko.

Anza kila siku ya mazoezi kwa dakika 5 mpaka 10 za mwendo mwepesi, na umalize hivyohivyo. Ile ya mwisho ndiyo watu wanairuka, kumbe ukisimama ghafla damu inabaki miguuni, kichwani inapungua, ndo unaona watu wanashika nguzo.

Sasa kuongeza. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya kiasi, au 75 za makali, ila hiyo ni sehemu ya kufika jamani, sio ya kuanzia. Mimi naongeza kwa mpangilio huu: siku kwanza, halafu dakika, spidi ya mwisho kabisa, na sigusi viwili kwa wiki moja. Sababu ni kwamba moyo na pumzi vinaimarika haraka, ndani ya wiki chache tu unajiona uko vizuri, lakini kano na mifupa vinachelewa sana kuzoea, na hapo ndipo watu wanapoumia, sio siku wanajisikia wanyonge, ni siku wanajisikia wana nguvu za kukimbia mpaka kesho. Ukifika hatua ya kukimbia, changanya: dakika 1 unakimbia taratibu, 2 unatembea, rudia, na wiki zikienda unapunguza ile ya kutembea.

Maumivu nayo ujue kuyatofautisha. Msuli uliochoka unauma eneo pana, mara nyingi miguu yote miwili, siku mbili tatu umepoa. Ila ukibonyeza ugoko ukakuta sehemu moja inauma kama jino na kila ukikimbia inazidi, hiyo pumzisha kabisa, na ikigoma kupoa ikaangaliwe. Siku hizo baiskeli au kuogelea vinafaa maana miguu haipigwi chini, moyo hauulizi unatumia nini. Raba ziwe zinakutosha tu, mambo ya bei sina la kusema.

Ukikosa siku usifidie kwa kukimbia mara mbili kesho yake, endelea ulipoishia. Ukiwa na homa usifanye kabisa, hata kidogo, subiri ipone, na ukirudi anza na kama nusu ya ulichokuwa unafanya, ukitaja namba ya simu ikatoka yote bila kukatika ndo uanze kurudisha dakika.