Mama wa mtoto wangu amenifungia mlango, nifanyeje?

*Shikamoo shangazi. Mimi ni mwanabodaboda wa hapa Changamwe, Mombasa, nina miaka 28. Nilizaa na msichana mmoja mwaka 2022, tukaishi pamoja mwaka mmoja na nusu bila ndoa, kisha tukakosana akarudi kwao Voi na mtoto. Nilikuwa nikimwona binti yangu kila mwisho wa mwezi na kutuma 4,000 za matumizi. Sasa ni miezi mitatu mama yake amekataa nisimwone. Simu zangu hapokei. Nyanya ya mtoto anasema sina haki kwa sababu sikutoa hata shilingi ya mahari. Wenzangu stejini wanasema baba asiye na ndoa hana lake, kwa hivyo nimeacha kutuma pesa, huu mwezi wa pili. Wengine wananishauri nimvizie chekechea nimchukue. Mara ya mwisho nilimrudisha saa nne usiku nikiwa na mchumba wangu mpya, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Je, nina haki ama sina?*

Marahaba, mwanangu. Haki unayo. Ila barua yako ina mambo mawili umeyataja kwa kupitia tu, na mimi nimeyaona: pesa ulizoacha kutuma na saa nne usiku. Nitayarudia, hutaniponyoka.

Kwanza hao wenzako wa stejini. Wanazungumza sheria iliyokwisha pitwa. Zamani hapa Kenya, chini ya Sheria ya Watoto ya 2001, jukumu la mtoto wa nje ya ndoa lilikuwa la mama kwanza, na baba ilimbidi alitafute: aende kortini, au akubaliane na mama, au aonyeshe kwamba waliishi pamoja miezi 12 baada ya mtoto kuzaliwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, ikabadilisha hayo. Inasema mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi wake, na kwamba mama na baba wana jukumu sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria mpya ya Watoto ya 2022 imefuata njia hiyo hiyo.

Lakini kisome kifungu hicho polepole. Kimeandikwa kwa jina la mtoto, si kwa jina lako. Ukifika mbele ya hakimu ukaanza na "haki yangu, haki yangu", atakusikiliza, kisha atauliza binti anapata nini akikuona na anakosa nini asipokuona. Jiandae kwa swali hilo.

Ndiyo maana nimekasirika kuhusu hizo pesa. Mtoto wa miaka mitatu hajakunyima wewe chochote, na anakula kila siku. Korti zetu huchukua matumizi na kuonana kama mambo mawili tofauti: mama hawezi kukufungia mlango kwa sababu hujalipa, na wewe huwezi kufunga M-Pesa kwa sababu umefungiwa mlango. Ulipoacha kutuma ulimpa mama yake ushahidi ambao hakuwa nao. Tuma 8,000 za miezi miwili iliyopita leo hii, kwa namba ile ile, na uhifadhi ujumbe wa kila muamala.

Chekechea usikanyage. Ukimbeba mtoto bila mama kujua, jioni hiyo atakuwa kituo cha polisi anapiga ripoti, na tangu siku hiyo utatajwa kama yule aliyeiba mtoto, hata uwe na nia njema kiasi gani.

Sasa nyanya. Kwa sheria amekosea. Mahari ni kati yako na wazee wa upande wa pili, hayana uhusiano na mtoto kumjua babake. Lakini hasira yake naielewa vizuri sana. Umeishi na binti yao mwaka mmoja na nusu, mkazaa, na katika barua nzima sioni mahali ulipotuma hata mtu mmoja kwao kusema "tuko hapa". Mtafute baba mdogo au mjomba mwenye ulimi wa staha, mwende Voi mkajitambulishe na kuomba radhi. Semeni waziwazi kwamba hamkuja kuposa, msije mkaanzisha tumaini lisilokuwepo. Na wakitaka mtoto awe sehemu ya hesabu ya mahari, hapo mzee wako aseme hapana, kwa adabu.

Yakishindikana nyumbani, nenda kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo ya Voi, maana mtoto anaishi huko. Hakuna ada. Beba kitambulisho, nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto kama unayo, na taarifa yako ya M-Pesa. Iwapo jina lako halimo kwenye cheti, usivunjike moyo. Hiyo kanuni ya kwamba baba asiye na ndoa haandikwi mpaka mama akubali, Mahakama Kuu iliikataa mwaka 2016. Na mama akikana kwamba wewe ndiye baba, korti inaweza kuamuru kipimo cha DNA. Afisa atamwita mama, mtakaa, na mkielewana mtaandika makubaliano na kutia sahihi. Asipofika au mkishindwana, ni Mahakama ya Watoto, na kesi unaweza kuifungua mwenyewe bila wakili.

Usiombe kukaa na mtoto. Kwa umri huo mahakimu huona anafaa kuwa na mamake isipokuwa kuwe na jambo zito, na wewe hujanitajia lolote. Omba kinachowezekana: Jumamosi mbili kwa mwezi, mchana, huko huko Voi, na mtoto awe kwao saa kumi na moja jioni. Najua ni safari ndefu na siku hiyo hutabeba abiria. Iandike hivyo hivyo. Mtoto wa miaka mitatu kurudishwa saa nne usiku, amelala, amebebwa na mwanamke ambaye mamake hamjui! Hata mimi ningefunga mlango wiki moja. Miezi mitatu ni mingi, hilo nakubaliana nawe, na ukimwona mama umwombe msamaha wa usiku ule kabla hujalalamika lolote.

Siku utakayomwona, kuna uwezekano akakukimbia na kujificha nyuma ya gauni la nyanya. Usimnyakue, wala usiseme "umefundishwa kunichukia". Vua viatu, keti mkekani, ongea na watu wazima, ukiwa umeshika kitu kidogo anachokipenda, biskuti au kikaragosi. Atasogea mwenyewe. Ukiaga kwamba utarudi Jumamosi fulani, rudi Jumamosi hiyo, hata kama mvua imenyesha na boda ingekulipa.

Mchumba wako mwache Changamwe kwa sasa. Mtoto akishakuzoea tena, na mamake akiwa amearifiwa mapema, mtamtambulisha mchana, kwa muda mfupi, na wewe ukiwepo.