Kabla hujasaini mkopo, angalia kalenda ya korosho

Ijumaa iliyopita nimemaliza deni. Milioni tano na laki mbili, yote, nikaweka risiti status na tangu hapo meseji haziishi. Kijana mmoja wa Nachingwea kaniuliza, "Dada, na mimi nataka biashara inayotunza mazingira, mfadhili nampata wapi?" Mdogo wangu, nakujibu hapa ili na wenzako wasome.

Mimi natengeneza mkaa wa maganda ya korosho hapa Mikindani, Mtwara. Zaidi ya nusu ya uzito wa korosho ghafi ni ganda, na kina mama wanaobangua mtaani kwetu walikuwa wanayamwaga tu nyuma ya nyumba. Lile ganda lina mafuta yanayobabua, mwezi wa kwanza ngozi ya vidole vyangu ilibambuka mpaka nikashindwa kukata mboga. Unayachoma kwenye pipa lisilopitisha hewa nyingi mpaka yawe makaa, unatwanga, unachanganya na uji wa muhogo, unashindilia, unaanika. Vumbi linalobaki tunalichanganya na samadi linarudi shambani kwenye mikorosho. Mama lishe anapika, mti haukatwi, na shamba nalo linapata chake.

Sasa pesa. Machi 2022 alikuja mwekezaji kutoka Dar, anasifia kweli kweli, eti hii ndo biashara ya kesho, akanikopesha milioni tatu, marejesho laki tatu na nusu kila mwezi kuanzia Aprili. Nikasaini siku hiyo hiyo kwa furaha. Kila mtu wa kusini anajua Aprili ni nini, korosho zimeshauzwa na mvua bado ipo, yani maganda sina na hata kama ningekuwa nayo nisingeweza kuanika. Nilirejesha miezi miwili kwa kuuza mbuzi na cherehani ya mama. Nikashindwa kuendelea, wakaja na gari wakabeba mashine ya kushindilia, majirani wote wanatazama, na hakuna aliyeniuliza msimu unaanza lini. Mpaka leo nikiona gari la aina ile roho inashtuka.

Tukaunda kikundi cha wanawake tuombe ile mikopo ya halmashauri inayotoka kwenye asilimia kumi ya mapato yake ya ndani, haina riba, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Tuko kwenye foleni, Aprili 2023 serikali ikaisitisha nchi nzima. Ilirudi baadae, lakini sisi tulishapata njia nyingine.

Njia yenyewe ni mfadhili wa pili, aliyekaa na mimi chini ya mwembe siku nzima akiuliza maswali. Akatoa milioni nne kwa sharti hili: nampa asilimia kumi ya mauzo ya kila mwezi mpaka ifike milioni tano na laki mbili. Nisipouza, sirejeshi kitu mwezi huo. Minada ya korosho ikianza Oktoba na wabanguaji wakipata kazi, nalipa kubwa. Kuna Februari moja nilimtumia elfu kumi na moja akajibu "asante dada, tunasubiri jua". Nimeihifadhi hiyo meseji.

Kwa hiyo mdogo wangu, usikimbilie pesa kubwa, soma ratiba ya marejesho. Isome tena. Muulize anayekupa pesa, mwezi nisiouza inakuwaje? Akibabaika, ondoka. Na nyie wenye pesa mnaosema mnataka kuokoa misitu, mkorosho unazaa mara moja kwa mwaka, mwani unakatwa kwa majira yake, hamuwezi kuvilipisha kama duka la simu. Mnaua biashara zile zile mnazopiga nazo picha. Jamani tuwe na huruma na tuwe na akili.

Wa Nachingwea, njoo Mikindani kabla ya msimu. Beba daftari, tuandike Januari mpaka Desemba, mwezi gani unaingiza na mwezi gani umekauka, ndo tuanze kutafuta mtu.