Jibu: Mgahawa wa Kikorea, nisiyekula nguruwe niagize nini?

Salama dada. Nimekupata, unatoka Mtwara unaenda semina Dar, wenzako wamechagua mgahawa wa Kikorea wa bei poa, nguruwe huli na mfuko wenyewe umebana.

Kabla hata hujaangalia bei muulize mhudumu nguruwe yuko kwenye nini, na usiulizie nyama tu, ulizia na supu, maana kuna supu zao mchuzi wake unachemshwa na mifupa ya nguruwe, na mandu, vile vya unga vinavyofungwa kama sambusa, ndani mara nyingi ni nguruwe.

Mimi huwa naagiza bibimbap. Wali kwenye bakuli, juu mboga zimepangwa kila moja na upande wake, yai, na pilipili nzito nyekundu ambayo unaomba iwekwe pembeni. Kama wanayo ya bakuli la jiwe chukua hiyo hiyo, inakuja inachachatika na wali wa chini unashika ukoko, sisi wapenda ukoko tunajuana. Ila bakuli usiliguse, litakubabua.

Visahani vya kimchi (kabichi iliyochachushwa na pilipili) na mboga vinavyotangulia kwa kawaida ni bure na vikiisha unaongezewa, usivione ukaogopa bili. Kimchi nyingi ina uduvi au mchuzi wa samaki, kwetu pwani hiyo sio habari, mwenye aleji ndo aulize.

Vijiti vyao ni vya chuma vinateleza balaa, lakini Wakorea wenyewe wali wanakula na kijiko so usijitese. Na ile chupa ndogo ya kijani sio maji, ni soju, pombe hiyo.